Ngazi ya Nne

Nilimpunguzia baba yangu nguvu siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, nikiwa kazini, mkono mmoja umeshika spana na mwingine simu. Haikuchukua hata dakika. Nikairudisha simu mfukoni nikaendelea kukaza spoki za baiskeli ya mteja, na nakumbuka nilikuwa napiga mluzi.

Mimi ni fundi wa baiskeli za umeme. Watu wakisikia hivyo wanadhani kutwa nabadilisha betri, lakini nusu ya kazi yenyewe iko kwenye simu. Baiskeli hizi mtu bado anakanyaga pedali kama kawaida. Mota inamsaidia tu, tena kwa kiasi ilichoamriwa. Kwenye usukani kuna kioo kidogo chenye namba, moja hadi nne. Moja ni msaada kidogo, nne ni kusukumwa hasa. Jambo ambalo wateja wengi hawalijui ni kwamba namba zile ni majina tu. Ngazi ya nne iwe na nguvu kiasi gani, hilo linapangwa ndani ya programu ya simu, na anayepanga ni yule aliyeandikwa humo kuwa ndiye mwenye baiskeli.

Pale dukani tuna utaratibu wetu. Baiskeli ikishaunganishwa, fundi anajiandikisha yeye kwanza, ili aijaribu barabarani na kuipima mota. Siku ya kuikabidhi, fundi anajitoa na mteja anaingia. Bosi wetu, mama mmoja mfupi mwenye sauti ya kuamsha mtaa mzima, hana mchezo na jambo hilo, kwa sababu fundi asiyejitoa anaendelea kuona kila kitu: baiskeli imepita wapi, imesimama wapi, imesimama kwa muda gani, na aliyeipanda alikuwa anakanyaga kwa nguvu gani. "Umemuuzia mtu nyumba, halafu ubaki na ufunguo mfukoni?" hutuuliza. "Wewe mwizi au fundi?"

Na katika duka zima hakuna aliyekuwa mkali kama mimi. Nilikuwa nawakalisha wateja chini nawasomesha: zima hiki, usikubali kile, njia zako ni siri yako. Kuna bwana mmoja alimnunulia mchumba wake baiskeli, akaniomba nimwachie yeye programu ili awe anajua tu kama mwenzake amefika salama. Nilimpasha maneno yake mpaka akaondoka amesahau kofia mezani.

Baiskeli ya baba sikujitoa. Nilijiambia baba ni baba, na ana presha.

Baba alikuwa mpima ardhi. Kazini walimwita Hatua, kwa sababu vifaa vilipochelewa kufika alikuwa akipima kiwanja kwa miguu yake, na vifaa vikija vinakuta amekosea kwa upana wa kiganja tu. Hakuwa mtu wa kujisifu, isipokuwa kwa hiyo miguu. Mama alipofariki, aliacha kutembea. Kaka zangu wana familia zao na wanaishi mbali, mimi sina mume wala mtoto, kwa hiyo nilibaki naye katika nyumba ile ile tuliyozaliwa, na kwa miaka mitatu nilimwona akihama kutoka kitandani kwenda kwenye kiti cha barazani na kurudi. Nilikuwa nampikia, namfokea, namfokea tena. Mwisho nikamuundia baiskeli.

Niliijenga kwa mikono yangu, jioni, kwa vipuri nilivyokuwa navichagua kimoja kimoja. Nilimwekea ngazi ya nne yenye nguvu zote, maana mtaa wetu uko bondeni na kila unakokwenda ni kupanda. Siku ya kwanza alifika mpaka kwenye kona, akarudi anacheka peke yake. Akaipa jina, Mkwe. "Maana huyu mwingine naona umeamua nisimwone," akasema. Nilicheka mpaka nikaketi chini. Nyumba ile ilikuwa haijasikia kicheko tangu msiba.

Basi akawa mtu wa njia. Anatoka asubuhi anarudi mchana, amepata rangi, anakula vizuri. Mimi kazini nikipumzika nachungulia simu, naona kidoa cha bluu kinatembea, roho yangu inatulia. Ilikuwa hivyo kweli mwanzoni. Sitaki kujitia ubaya ambao haukuwepo.

Kisha nikagundua kwamba kila Jumanne na kila Ijumaa kidoa kinapanda mlima ule wa kaskazini, kinafika juu, kinasimama kwa saa tatu. Jioni namuuliza, "Leo ulikwenda wapi, baba?" Anasema, "Ah, huku na huku. Nanyoosha miguu." Anasema huku anakuna sikio. Baba hajui kudanganya, lakini siku hiyo alijitahidi. Nami sikuweza kumwambia kwamba najua, kwa sababu angeniuliza najuaje.

Ijumaa iliyofuata nilichukua baiskeli ya mteja, nikamwambia bosi naijaribu, nikapanda mlima. Juu kabisa kuna kitalu cha miche. Kupitia uzio nilimwona baba amekalia ndoo iliyopinduliwa, amevaa sweta la kijivu ambalo mama alimfumia. Amenyoosha kamba kati ya vijiti viwili, anamwonyesha mwanamke mmoja jinsi ya kusawazisha matuta ili maji yasikimbie. Mwanamke ni mtu mzima, nywele nyeupe, mikono ina udongo. Akasema neno ambalo sikulisikia, na baba akacheka. Kilikuwa kicheko kile kile cha siku ya Mkwe, nilichokuwa nadhani ni changu.

Sikuingia. Nilishuka ule mlima bila kukanyaga hata mara moja, machozi yananikauka usoni kwa upepo, na Jumanne ilipofika nikafanya nilichofanya.

Nilijiambia ni kwa ajili ya presha yake. Mlima ni mrefu, ana miaka sabini na moja, akianguka kule nani atamwokota? Hoja nzuri sana, ukiisikia kwa mtu asiyejua baiskeli. Mimi najua. Kama ningekuwa nauogopea moyo wa baba, ningemwongezea msaada, nisingempunguzia. Kumpunguzia mzee nguvu ya mota kwenye mlima ni kumfanya akanyage zaidi. Nilijua hilo kabla sijagusa simu, na nikaigusa.

Siku hiyo nilimtolea robo ya nguvu ya mota. Kwenye kioo chake hakikubadilika kitu. Alibonyeza, akaona nne, kama siku zote. Alirudi nyumbani shati limelowa.

"Mama," aliniita, maana ananiita hivyo tangu nikiwa mdogo, kwa jina la mama yake nililorithi, "hebu nitazamie hii baiskeli. Naona kama nzito."

Niliitazama. Niliipindua uani, nikazungusha magurudumu, nikakagua mnyororo, nikapima betri mbele yake. Yote hayo nikiwa najua tatizo liko mfukoni mwangu.

"Nzima, baba. Haina kasoro yoyote."

Aliitazama ile nne kwenye kioo.

"Basi ni mimi," akasema.

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Nimeirudia dakika ile mara nyingi kuliko dakika yoyote ya maisha yangu. Nilikuwa nimechuchumaa, nimeshika pedali, yeye amesimama juu yangu na mkono wake uko kwenye tandiko. Neno moja lingetosha, hata kama lingekuwa la uongo nusu: labda ni mipangilio, baba, ngoja niirekebishe. Nikasema, "Labda ni umri tu. Pumzika wiki hii."

Hakupumzika. Kwa hiyo nami sikupumzika. Ijumaa nilitoa kidogo tena, na Jumanne tena. Nilikuwa nakaa mezani kwangu dukani nafuata kidoa. Kilikuwa kinasimama mara moja kwenye mwinuko, baadaye mara mbili, baadaye mara tatu. Programu inachora mstari wa nguvu ya miguu, na mstari wa baba ulikuwa unapanda mpaka juu kabisa ya mchoro. Alikuwa anapigana na ule mlima. Siku ambayo nilikuwa nimemwachia asilimia kumi na tano tu, kidoa kilifika kwenye kona kubwa, mahali ambapo ukiinua macho unaliona geti la kitalu, kikasimama dakika kumi na moja. Kisha kikageuka.

Nilifurahi. Naona aibu kuandika, lakini nilifurahi. Nilikwenda kujinunulia soda.

Aligeukia pale pale mara tatu, Ijumaa tatu mfululizo; Jumanne alikuwa hatoki tena. Baada ya hapo aliiegesha Mkwe stoo, akaifunika shuka. Alikwenda hospitali mwenyewe, bila kuniambia. Nilikuta karatasi za vipimo juu ya friji. Daktari ameandika hali nzuri kwa umri wake. Baba alizisoma kama mtu anayesoma salamu za pole. Alianza kushika ukuta akitoka chooni. Viatu vyake vya kazini, vile vya ngozi alivyokuwa anavipaka dawa kila mwezi tangu astaafu, alimpa jirani.

Hapo nikaingiwa na hofu. Niliingia kwenye programu nikarudisha kila kitu, nguvu zote, nikamwambia, "Baba, nimeifanyia matengenezo makubwa. Jaribu sasa."

"Ulisema haina kasoro."

"Ndiyo, lakini..."

"Usinihangaikie, mama. Hali yangu nimeshaijua."

Nilimbembeleza wiki nzima. Nilimpakulia chakula, nikamletea gazeti, nikaitoa Mkwe stoo, nikaiondolea shuka na kuiegesha barazani mbele ya macho yake. Aliizunguka kwenda kukalia kiti chake.

Aliyekuja kunifungua macho ni shangazi, mdogo wake baba, mwanamke asiyejua kunong'ona. Aliingia Jumapili mchana, akamkuta baba amelala, akanivutia jikoni.

"Wewe, kaka yangu ana nini?"

"Miguu, shangazi."

"Miguu! Mwanamke wa watu kafungasha jana kaondoka, wewe unaniambia miguu."

"Mwanamke gani?"

"Usijifanye hamnazo. Yule wa kitalu. Walikuwa wamekubaliana waoane. Mwanawe alikuwa anamwita akakae naye, miaka miwili anamwita, na safari hii alikataa kwa ajili ya huyu baba yako. Mwisho wa mwezi ndiyo alikuwa akwambie."

"Kwa nini asiniambie mapema?"

Shangazi alinikazia macho. "Anakuogopa. Mtu mzima na mvi zake, anamwogopa mtoto aliyemzaa. Alikuwa anasema, ngoja nimtafute siku amefurahi."

Nikamuuliza kama wamegombana.

"Hawakugombana. Amempigia simu akamwambia asimsubiri. Mama yule alimuuguza mumewe aliyepooza miaka sita, anamgeuza, anamlisha. Kaka akasema, mimi miguu imeanza kuisha, siwezi kumtoa huko nikamrudisha huko huko. Akakata." Shangazi alifungua sufuria yangu, akaonja, akafunika. "Na chumvi umesahau," akasema, akaenda zake sebuleni.

Baba alipoamka nilimfuata barazani. Nilikaa sakafuni, maana kiti kilinishinda.

"Baba, miguu yako mizima."

"Na daktari kasema hivyo. Daktari hapandi mlima."

"Ni mimi."

Nikamweleza. Sikulia, nilieleza kama fundi, kwa sababu ndiyo lugha pekee iliyokuwa inanitoka: ngazi, asilimia, tarehe. Nikampa simu, nikamwonyesha safari zake zote zimepangwa humo, kila moja na mstari wake. Alivaa miwani. Alizifungua moja moja, na kwa muda alikuwa yule mpima ardhi wa zamani, anasoma miinuko ya mahali anapopajua.

"Hii hapa, ya kwenye kona. Ulikuwa umeniachia kiasi gani?"

"Asilimia kumi na tano."

"Na baiskeli ina kilo ngapi?"

"Ishirini na saba. Na betri ndani yake."

"Kwa hiyo nilifika pale kwa miguu yangu."

"Karibu yote, baba. Wateja wangu vijana hawafiki pale."

Aliitazama miguu yake, mmoja kisha mwingine, na uso wake ukafunguka. Ilikuwa furaha, na mimi mjinga nikadhani tumeshapona. Kisha nikaona ile furaha inamtoka, kwa sababu amekumbuka alichokifanya kwa kuamini kwamba hana miguu.

"Saa tatu nilizokuwa nakaa kule," akasema, "nazo ziko humu?"

"Ziko."

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu wiki ya pili."

"Nami nakuja nakwambia nanyoosha miguu." Alivua miwani. "Ulikuwa unanisikiliza vipi, mama? Ulikuwa unacheka?"

"Sikuwa nacheka, baba. Nilikuwa na wivu."

Alinirudishia simu, akasema, "Jitoe humo." Nikajitoa, akasimama karibu yangu mpaka alipoona jina langu limefutika na lake limeingia. Kisha akanitajia namba ya simu, kwa kichwa, taratibu. "Mpigie. Mwambie kama ulivyoniambia mimi. Na iweke sauti nisikie."

Ilipokelewa haraka.

"Shikamoo, mama. Mimi ni binti wa..."

"Marahaba. Wewe ndiye fundi," sauti ikasema. Ilikuwa sauti ya chini, yenye uchovu wa safari. "Amepatwa na nini? Anaumwa?"

"Haumwi. Hakuwa anaumwa."

Nikasema yote, kwa mara ya pili, na mara hii nililia. Alinisikiliza mpaka mwisho. Nyuma yake watoto walikuwa wanagombania kitu.

"Ijumaa tatu," akasema mwishowe, "nilisimama getini. Nilikuwa namwona akitokea kwenye kona, anasimama, anatazama juu, halafu anageuza baiskeli. Mimi habari za mota sizijui. Nilisema, huyu amefikiri vizuri na ameniona sifai, ila anaona haya kuja kuniambia. Aliponipigia na hadithi ya miguu, nikasema, maskini, ametafuta cha kusingizia. Maana wiki chache nyuma alikuwa ananibebea mifuko ya mbolea."

Baba alikuwa ameinama kuelekea ile simu. "Hukuniambia kama uliniona," akasema.

Yule mama hakuwa amejua kama baba yupo.

"Ningekuambia nini? Mtu amefika mlangoni kwangu akageuka."

Baba aliichukua simu mkononi mwangu, akazima kipaza sauti, akaingia ndani na kufunga mlango wa chumba chake. Nilisikia sauti yake lakini sikusikia maneno, na safari hii nilikwenda nikakaa mwisho wa ua ili nisiyasikie. Alitoka baada ya muda mrefu.

"Amesemaje, baba?"

"Kitalu ameshamkabidhi mtu mwingine. Wajukuu wanamgombania nani alale naye." Aliniwekea simu yangu kwenye kiganja. "Anasema moyo wake ulishageuka, kwa umri ule hana nguvu ya kuugeuza tena."

"Nitakwenda nimpigie magoti. Kesho nikipanda basi..."

"Hutakwenda kokote. Umeshatupangia vya kutosha."

Hakuniambia zaidi ya hayo, siku ile wala baada yake. Sikufukuzwa, sikununiwa. Tunakula meza moja, ananiita mama, ananitania kuhusu chumvi. Viatu vya ngozi alivifuata kwa jirani akavichukua. Na baiskeli anaipanda karibu kila siku, anaondoka asubuhi bila kusema anakwenda wapi, na mimi siulizi.

Jana nilikuwa mlangoni pa duka natia upepo gurudumu la mteja, nikamsikia kabla sijamwona. Breki ya nyuma ilikuwa inalia, pedi zimeisha, chuma kinasaga chuma. Ni kazi ya dakika kumi. Nilisimama, nikafuta mikono, nikamsogezea ile stendi ya kuegeshea. Baba aliniona, akaniinulia mkono, akasema, "Hujambo, mama," akapita. Alikunja kulia baada ya duka la dawa, kwenye barabara inayokwenda kwa fundi mwingine wa baiskeli.